Kitambaa cha Binti Haji Sanusi

Benchi lililo mbele ya mkahawa wa Shazli, pale kichochoro cha Sheikh Hamad kinapoingia barabara ya stesheni, limeinamia upande mmoja, na mji mzima wa Sohag, huku kusini mwa Misri, unajua sababu, ingawa mbele ya Shazli haisemwi kwa sauti. Ukikaa upande wa juu utateleza kidogo kidogo mpaka ubanane na jirani yako, ndiyo maana wazee wa hapo hawawezi kununiana muda mrefu. Alasiri hiyo walibanana wanne. Juu kabisa alikaa Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi wa dengu, lakini akisimulia vita utadhani ramani zote zilipita mkononi mwake. Akafuata Antena, fundi wa redio, anayepata habari kabla hazijatokea. Akafuata Haji Bakhit, mwenye maghala ya vitunguu. Na chini kabisa, mahali uzito wa wote unapoishia, alikaa Dardiri mpiga pasi, mtu mkimya, mwenye vidole vilivyoungua mara nyingi hata haviogopi tena. Mbele yao, juu ya meza mbili zilizounganishwa, kilitandazwa kitambaa cheupe kirefu kisicho na neno hata moja, na kahawa ilikuwa imeshaanza kuzunguka.

Haikuwa siku ya kupiga soga tu. Asubuhi simu ya duka la dawa ililia, na mwenye duka akatoka mbio na koti lake jeupe mpaka kwa Dardiri: dada yake, Daktari, yule wa mambo ya nyuklia, anayefundisha chuo kikuu huko kaskazini, amefanywa mkuu wa kitivo kizima cha sayansi. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia kiti hicho. Na jioni hiyo hiyo anashuka kwa treni kuja kumsalimu mama yake. Kabla Dardiri hajaiweka pasi chini, kichochoro kilishaamua kwamba kitatundikwa kitambaa cha pongezi kutoka roshani ya Shazli hadi roshani ya jirani, kabla ya magharibi, ili Daktari akitoka stesheni akione kabla hajaona kitu kingine. Ng'ambo ya reli walikuwa wamemtundikia kitambaa afisa mmoja wa polisi aliyepandishwa cheo, kimefubaa na bado wanakataa kukishusha. Haikuwezekana afisa apate kitambaa na atomu ikose.

Dardiri alikuwa amejaa furaha mpaka kooni. Kila mtu aliyepita alimpa mkono, na kila alipopewa mkono alisema "Mungu akuweke". Kitambaa kile alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

– Mchoraji ameshaitwa, alisema Antena. Wadie wa Akhmim, anavuka mto sasa hivi. Yule akiandika herufi, hata asiyejua kusoma anasimama kutazama. Lakini akifika hapa atataka maneno. Maneno yako wapi?

– Maneno kitu gani, alisema Jenerali. Andikeni: "Wakazi wa Sheikh Hamad wanampongeza mama wa bomu."

Haji Bakhit alipaliwa na kahawa.

– Bomu gani, we Jenerali?

– Lile.

– Lipi?

– Haji, kuna mambo mtu akivaa sare haulizi, na akiivua hasemi. Ila kwa kuwa tuko wenyewe. Liko chini ya mlima, jangwani huko. Mimi nililiona kwa macho haya likipita kwenye lori, limefunikwa turubai, sisi tunagawa chakula.

– Lilikuwa sufuria la dengu, Antena alisema.

– Sufuria la dengu linasindikizwa na magari mawili?

– Kama umepika wewe, ndiyo. Moja likiwa la wagonjwa.

Benchi lilicheka, na kwa kucheka likateleza kidogo, na Dardiri akabanwa zaidi kwenye mkono wa benchi. Hakulalamika. Siku hiyo angebanwa hata na ngamia.

– Daktari hajatengeneza bomu, alisema taratibu. Anafundisha.

– Ndivyo anavyokwambia wewe, Jenerali akamtuliza. Na ndivyo anavyotakiwa akwambie. Mimi simlaumu hata kidogo.

– Huyu bomu limemkaa kichwani, Antena alidakia. Sikilizeni habari zenye kichwa na miguu. Daktari alisoma wapi? Kwa Warusi. Kwenye barafu mpaka magotini, mkate mweusi, chai bila maziwa. Akatoka huko na shahada yake. Wamarekani wakapata habari. Wakamfuata. Wakamwambia, mama, tunakupa nyumba, gari, bwawa la kuogelea, na kinu cha nyuklia chako mwenyewe uwani.

– Uwani?

– Uwani, kama watu wanavyofuga kuku. Yeye akawauliza swali moja tu. Mna mlenda? Wakatazamana. Wakasema, mlenda hatuna. Akawaambia, basi kwaherini.

– Umeyasikia wapi?

– Masafa mafupi. Stesheni ya Cyprus, ilikuwa inakoroma lakini nilishika.

– Wangeagiza, Haji Bakhit alisema.

– Waliagiza! Kwa ndege! Ukafika umekauka, hautoi hata ute. Akawarudishia sahani.

Dardiri aliinama akatabasamu kwenye kikombe chake. Ni kweli kwamba dada yake aliwahi kupewa kazi ng'ambo, na ni kweli aliikataa. Alimuuliza sababu siku hiyo hiyo, wamekaa jikoni kwa mama, na jibu lake lilikuwa fupi: kule walimu wapo, hapa darasa zima lina mimi tu. Hakutaja mlenda. Lakini alikuwa anakula mlenda alipokuwa akisema hivyo, kwa hiyo Dardiri aliona Antena hajadanganya sana.

– Mimi nasema andikeni vitunguu, alisema Haji Bakhit.

Wote walimgeukia.

– Mnanitazamia nini? Nyie mnaongea mliyoyasikia, mimi naongea niliyoyala. Vitunguu vyetu mnavijua. Vinavunwa vizuri, vinajaa ghala, joto likishapita tu vinaanza kutoa majani kama vina haraka ya kwenda mahali. Nusu ya ghala nalisha mbuzi. Daktari akaja na wanafunzi wake, akachukua magunia yangu, akayapeleka huko kwao yakapigwa mionzi kidogo, akanirudishia. Akaniambia, Haji, weka haya upande huu na yale mengine upande ule, usiyachanganye. Basi. Upande ule ukaota. Upande huu ukakaa kimya mpaka baridi ikaingia. Kitunguu kigumu kama siku kilipong'olewa.

– Na ukavila, alisema Jenerali kwa mashaka.

– Nikavila mbele yake, vibichi, na mkate. Mke wangu alikataa. Akasema vimerogwa. Usiku ule alikaa macho ananitazama kama nitawaka.

– Uliwaka?

– Nilikoroma.

– Mtu amesoma kiini cha atomu maisha yake yote, Jenerali alinung'unika, halafu sisi tumtundikie vitunguu barabarani. Ng'ambo ya reli watatucheka mpaka wadondoke.

– Bomu lako limelisha mtoto wa nani? Haji Bakhit aliuliza.

Shazli alikuja na sinia kuokota vikombe. Ni mtu mnene, mwepesi wa kukasirika, na alikuwa na sababu zake za kutopenda mazungumzo ya Daktari yaendelee sana. Antena alimwona, na mtu kama Antena hawezi kuliona jipu asiliguse.

– Shazli, kisanduku cha Daktari kile kilikuwa kinalia vipi?

– Mimi sijui habari za kisanduku.

– Ti, ti, ti. Siyo? Dardiri, si alikuja nacho kuwaonyesha watoto wako?

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mmoja wakati wa sikukuu, Daktari alikuja na kisanduku cha kupimia mionzi ili wanawe Dardiri waone kazi ya shangazi yao. Alipita nacho kichochoroni na watoto nyuma yake, nacho kikawa kinatoa mlio mdogo, kikinyamaza, kikilia, na mbele ya mkahawa wa Shazli kikalia mara mbili mfululizo. Watoto walifurahi, wakaendelea na safari. Shazli aliona, na hakufurahi kwa namna ya watoto. Kesho yake mkahawa ulifungwa kwa matengenezo. Kwa muda mrefu watu walimwona akitoka na ndoo za udongo na kuingia na taa, na kila aliyepita alijua kuna mtu anatafuta dhahabu ya Mafarao chini ya mkahawa wake. Alichopata ni maji, na bomba la zamani ambalo ingekuwa bora asingelipata. Ardhi ya mbele ikatitia, na benchi likainama mpaka leo.

– Nilikuwa nachimba choo, alisema Shazli.

– Chini ya benchi?

– Choo ni mahali popote mtu anapoamua.

– Na Daktari alikwambia, Dardiri alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kwa sababu alimwonea Shazli huruma. Alikwambia mlangoni hapa hapa kwamba kisanduku kinalia kila mahali. Hata jangwani, hata chumbani, kinalia kidogo. Kwanza usikilize kinavyolia pasipokuwa na kitu, ndipo utajua kitu kina nini.

– Mtu anayejua dhahabu ilipo ungetaka aseme nini? Shazli alijibu, na akaondoka na sinia lake kwa hasira.

Hapo mambo yakapanda. Antena alisema bomu, mlenda na dhahabu ni vitu vidogo. Aliwauliza kama wanakumbuka tetemeko, lile lililoyumbisha Kairo mpaka watu wakalala viwanjani. Sohag ilianguka nini?

– Kikombe kimoja, Haji Bakhit alisema. Na alikuwa nacho Jenerali.

– Kikombe kimoja! Mji mzima! Kwa nini? Kwa sababu Daktari alikuwa hapa kwa mama yake.

– Hakuwa hapa, alisema Dardiri. Alikuwa darasani, huko huko. Wanafunzi walitaka kukimbia, akawaambia washuke ngazi kwa mstari.

– Umeona! Aliizuia Sohag akiwa huko huko! Mtu wa kawaida angeweza?

– Tetemeko ni la chini, Jenerali alisema, naye sasa alikuwa amesimama. Mnamkalisha mtoto wetu chini. Jua ni nini? Niambieni. Mliwahi kujiuliza jua ni nini? Jua ni kinu cha nyuklia. Hilo si langu, alilisema Daktari mwenyewe, muulizeni Dardiri.

– Alisema kinachowaka mle ni mambo ya viini vya atomu, Dardiri alikubali.

– Basi. Na kinu lazima kiwe na mtu wa kukiangalia. Kiangazi hiki joto lilikuwa linatuua, siyo? Halafu ghafla, wiki ile mama yake alipougua, kukapoa. Mimi sisemi kitu. Mimi nasema tu kukapoa.

Antena alifikiri akakubali kwamba kulipoa kweli.

– Unataka tuandike nini sasa? Haji Bakhit aliuliza. "Wakazi wa Sheikh Hamad wanampongeza mwenye jua"? Sheikh wa msikiti ataturarua.

Dardiri alisikiliza yote hayo na moyo wake ulikuwa umevimba. Alijua ni kamba. Alijua Jenerali hajui tofauti ya kiini cha atomu na kiini cha yai. Lakini hawa walikuwa watu ambao zamani, baba yake, Haji Sanusi, alipomruhusu binti yake apande treni kwenda kusoma, walimfuata mpaka dukani wakamwambia anaitia familia aibu. Dada yake alikuwa amesoma vitabu vyote vya shule kwenye meza ya kupigia pasi, upande ulio na joto kidogo wakati wa baridi, na kila mteja aliyeingia alisema neno lake. Leo wateja wale wale walikuwa wanagombania kumpa jua. Dardiri aliona wampe tu.

Wadie alifika na baiskeli, brashi zake ndani ya kopo la samli, rangi nyekundu sikioni. Ni Mkristo wa Akhmim, mtu wa makamo, mkono wake umeandika nusu ya vibao vya maduka ya mji huu na karibu vitambaa vyote vya uchaguzi, vya walioshinda na vya walioshindwa. Alisalimia, akampongeza Dardiri, akanywa kahawa akiwa amesimama, akapima kitambaa kwa shubiri.

– Shazli, mwongezee fundi, alisema Haji Bakhit.

– Buni imebaki ya birika moja, na hilo nimemwekea Daktari, Shazli alijibu kutoka ndani. Nitampelekea kwa mama yake.

Hakuna aliyemcheka.

– Niandike nini? aliuliza Wadie.

Wote wanne walianza kusema kwa pamoja, na Wadie, ambaye amezoea wagombea uchaguzi, aliinua brashi kuwanyamazisha.

– Mwanzo wa vitambaa vyote ni mmoja. Naanza, nyinyi mtaendelea.

Akaandika kutoka kulia, kwa rangi nyekundu, na kila herufi akaipa kivuli cheusi: Wakazi wa kichochoro cha Sheikh Hamad, kwa fahari kubwa, wanampongeza. Brashi ilikuwa inapita bila kusita, na wale wazee waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza wakaitazama. Hata Shazli alitoka. Kisha Wadie akainua mkono.

– Wanampongeza nani?

– Daktari, alisema Jenerali.

– Daktari nani?

– Daktari wa nyuklia.

– Hilo nimelisikia. Anaitwa nani?

Hapo benchi lilikwama.

Jenerali, aliyejua bomu liko chini ya mlima upi, alikaa tena akaanza kufunga kamba za viatu. Antena alitazama nyaya za umeme. Haji Bakhit alilijua jina lile vizuri sana. Alizaliwa nyumba inayotazamana na ya Haji Sanusi, na utoto wake wote alisikia likiitwa kutoka dirishani. Lakini jina la binti wa watu, kaka yake amekaa hapa, si la jirani kulitamka. Mwanamume wa Sohag hutaja shamba lake, deni lake, hata ugonjwa wake, ila jina la mama yake, mke wake au dada yake halitoi barabarani. Akilazimika, atasema "watu wa nyumbani". Wao miaka yote walisema Daktari, na Daktari ilitosha. Walikuwa wamempa bomu, jua na tetemeko, na hakuna mmoja kati yao aliyewahi kulitia jina lake mdomoni.

Kwa hiyo waliolijua hawakuwa na ruhusa, na mwenye ruhusa alikuwa ameinamisha kichwa.

– Andika "binti wa Haji Sanusi", Haji Bakhit alijaribu. Heshima, na inatosha.

– Haji Sanusi alikuwa na mabinti wangapi? aliuliza Wadie.

– Wanne.

– Wote wakuu wa vitivo?

– Mmoja anafuga njiwa, alisema Antena. Yule mwenye kesi na majirani. Watu watadhani ameshinda kesi.

– "Mama Hatem", basi, alisema Haji Bakhit.

– Hatem yupi? Wadie aliuliza.

– Mwanawe. Anauza matairi.

– Watasema Hatem kafungua duka jipya.

Jenerali alimaliza viatu vyake na kuinua uso. Alikuwa na wazo, na safari hii lilikuwa wazo la wema.

– Andika "dada yake fundi Dardiri". Nani hapa hamjui Dardiri? Nguo ya nani haijapita mkononi mwake?

Dardiri aliliona. Aliliona jina lake juu ya barabara, jekundu, lenye kivuli cheusi, na watu wa stesheni wakiinua macho. Kwa kitambo kidogo lilikuwa tamu kupita kiasi, na utamu ule ulimtia aibu.

– Sikiliza, fundi, alisema Wadie, na sasa alikuwa anaongea na Dardiri peke yake. Mimi nakuelewa. Jina la mama yangu hulijui wala hutalijua. Kwenye harusi sina shida, naandika "binti wa fulani", nyumba imewashwa taa, kila mtu anajua bibi arusi yuko wapi. Huyu nyumba yake haina taa za kumtambulisha. Lakini yule afisa wa ng'ambo ya reli, aliyemwandikia ni mimi. Na jina lake niliweka kubwa kuliko la mtaa.

Rangi ilikuwa inakauka kwenye brashi. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye bango la duka la dawa.

Kuna jambo ambalo Dardiri hakuwahi kumsimulia mtu. Zamani, Daktari alipokuwa mwalimu kijana, mama yao alimtuma ampelekee kapu la mikate ile inayoumuliwa juani, na jibini la chumvi. Aliuliza njia mpaka akafika ofisini kwake, kwenye ukumbi mrefu uliojaa vijana wa kiume. Mlangoni kulikuwa na kibao cha shaba. Jina lake lilikuwa pale, lote, jina lake mwenyewe kabla ya la baba, kwa herufi ambazo mtu yeyote apitaye angeweza kusoma. Dardiri alisikia masikio yakimwaka, kana kwamba mtu amefungua mlango dada yake akiwa anaoga. Hakujua afanye nini. Akaweka mgongo wake juu ya kibao na kusimama hapo, kapu kifuani, akiwakazia macho vijana wote waliopita.

Daktari alitoka darasani na wanafunzi nyuma yake, chaki kwenye mkono wa gauni. Akamtazama yeye, akatazama mlango, na akaelewa, kwa sababu siku zote alielewa kabla ya mwingine. Hakumgombeza. Alisema tu: Songa kando, Dardiri, watu wanatafuta mlango. Kisha akamshika mkono akampeleka darasani akamkalisha nyuma. Wanafunzi walisimama alipoingia. Siku hiyo aliwafanya wapime meza tupu, kipindi kizima, waandike kisanduku kinavyolia pasipo na kitu, na wengine walicheka, na yeye akawasubiri wamalize kucheka. Mwishoni hakuna aliyecheka. Dardiri alirudi Sohag akasimulia kila kitu, ukumbi, wanafunzi, kisanduku. Habari ya mlango aliificha. Na yeye Daktari hakuwahi kuisema kwa mtu.

Sasa alikitazama kitambaa, na pale neno lilipokatikia. Bomu, mlenda, jua, vyote walivyorundika tangu alasiri, aliviona ni mgongo wake ule ule.

– Rawhiya, alisema.

– Sijasikia, fundi.

Dardiri alisimama. Kwa kuwa ndiye aliyezuia uzito wote upande wa chini, wengine watatu waliteleza hadi mahali pake.

– Rawhiya Sanusi, alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Daktari Rawhiya Sanusi. Dada yangu.

Shazli alisimama na sinia hewani. Jenerali alivua kofia, hakujua mwenyewe kwa nini. Kisha juu, kwenye dirisha lililo juu ya duka la pasi, kigelegele kikatoka, chembamba, cha kizee, na dirisha la pili likakipokea, na la tatu. Kwa wanawake wa kichochoro hilo halikuwa jina geni. Wao walikuwa wakiliita kutoka dirisha hadi dirisha tangu mwenyewe akiwa msichana wa kusuka nywele.

– Herufi ya kwanza iwe kubwa, alisema Dardiri. Kuliko ya afisa.

– Kuliko ya afisa, alisema Wadie, na kuichovya brashi upya.

Chini yake waliandika "Profesa wa fizikia ya nyuklia, mkuu wa kitivo cha sayansi". Jenerali aliomba hata bomu dogo pembeni, akakataliwa. Wadie, kwa mapenzi yake, alichora atomu kwenye kona, duara ndani ya duara, na Haji Bakhit aliinama akaitazama kwa muda.

– Mbona hii ina maganda?

– Ni atomu, Haji.

– Sawa, alisema Haji Bakhit, ameridhika kabisa. Iache hivyo hivyo.

Walipokuwa wanakivuta kitambaa juu, treni ilipiga honi kwenye daraja. Upande wa jirani kilishika vizuri. Upande wa Shazli, fundo lililofungwa na Jenerali likafunguka, kitambaa kikashuka mpaka usawa wa vichwa vya watu, na upepo wa mto ukaanza kukikunjakunja rangi ikiwa bado mbichi. Dardiri alipanda juu ya benchi. Benchi likayumba, akajipanga, akakikamata kitambaa kwa mikono miwili mahali pa katikati na kukinyoosha, uso ukiwa kwenye maandishi, mgongo kwa barabara. Antena alikimbilia ngazi. Jenerali alitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Abiria walikuwa wameanza kumiminika kutoka stesheni, na Dardiri hakuthubutu kugeuka. Alisikia tu kelele zikipungua nyuma yake, halafu Haji Bakhit akisema "karibu nyumbani, Daktari".

Alijua dada yake anasoma. Alisubiri.

– Songa kando, Dardiri, ilisema sauti aliyoijua, na ilikuwa inatetemeka kidogo, jambo ambalo sauti hiyo haikuwa na kawaida nalo. Watu wanatafuta mlango.

Jenerali alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama ukuta mtupu wa mkahawa.

– Mlango gani? aliuliza.

Dardiri, mashavu yake yamelowa na jina limemchafua kifua chote kwa rangi nyekundu, alisonga kando.